Kabla ya kutaja jirani, tuangalie sikio la ng'ombe

Maneno ya kundi letu la mifugo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na wafadhili

 

Komite ilituomba tuzungumze juu ya kupe. Wengine walicheka presida aliposoma programu: mkutano mkuu mzima, halafu tuongee juu ya kidudu? Tunaelewa. Lakini tunaomba mutusikilize, kwa sababu kidudu hiki kimeingia katika mambo makubwa kuliko ng'ombe.

Munajua namna mradi wetu unavyotembea. Ni kama likelemba, ila badala ya franga tunazungusha mtamba. Familia moja inapokea mtamba, inamtunza, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa familia inayofuata kwenye orodha. Katika orodha hiyo kuna sisi tuliorudi na kuna wale waliobaki hapa wakati wa vita. Tulipanga hivyo kwa kusudi, ili kila mmoja awe na sababu ya kumtakia jirani yake mema.

Sasa ng'ombe akifa, kamba inakatika hapohapo. Aliyekuwa anangoja anakosa. Aliyefiwa na ng'ombe anaona haya. Kisha maneno yanaanza: "Alikuwa mzima, alikula vizuri, siku chache tu amekufa. Nani alipita hapa? Nani hakufurahi tuliporudi?" Kutoka hapo sumu inatajwa, karuho inatajwa, na mwisho jina la mtu linatajwa. Watu wanaotumia njia moja ya maji wanaacha kusalimiana. Maneno haya tumeyasikia sisi wenyewe tukitembelea makundi, na si katika lokalite moja tu.

Hatukuja kusema kwamba duniani hakuna watu wabaya. Tumekuja kuomba kitu kimoja: kabla ya kutaja jina la jirani, tuangalie kwanza sikio la ng'ombe. Na ili muelewe kwa nini sikio, lazima tueleze namna kupe anavyoshika na namna anavyonyonya.

Kupe hana mabawa na haruki. Hawezi kukimbiza ng'ombe. Kazi yake ni kungoja. Anapanda juu ya jani la majani, anashika kwa miguu ya nyuma, na miguu ya mbele anainyoosha hewani kama mtu anayeomba lifti. Kwenye miguu hiyo ya mbele kuna kitundu kidogo sana ambacho ndicho pua yake. Kwa hicho anasikia pumzi ya mnyama, harufu ya jasho na joto la mwili. Ng'ombe akipita na kugusa jani, kupe anashika manyoya, na safari imeanza.

Hauumi hapohapo. Anatembea kwanza juu ya mwili kutafuta mahali. Kila aina ya kupe iko na mahali inapopenda. Yule anayetusumbua zaidi sisi wenye ng'ombe ni kupe kahawia wa sikio, ambaye wataalamu wanamwita Rhipicephalus appendiculatus. Yuko hapa kwetu Kivu, yuko Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na Kenya. Akiwa mkubwa anapenda ndani ya sikio: ngozi ni laini, damu iko karibu, na ng'ombe hawezi kufikisha ulimi.

Sasa tuangalie mdomo wake. Pembeni kuna vipande viwili vya kupapasa. Hivyo haviingii ndani, vinafunguka huku na huku. Katikati kuna visu viwili vidogo vinavyokata ngozi kwa kupokezana. Chini ya visu kuna kipande kama ulimi mgumu uliojaa meno, na meno yote yanaelekea nyuma. Wavuvi wetu wa Tanganyika wataelewa haraka kuliko sisi: ni kama ndoana. Inaingia kirahisi, lakini kuitoa inararua nyama.

Na hiyo haimtoshi. Mate yake ya kwanza yanaganda kuzunguka mdomo kama simenti. Mafundi mulio hapa munajua: nguzo ukiisha kuimwagia simenti, hauing'oi kwa kuisukuma. Ndiyo sababu ng'ombe anajikuna kwenye mti mpaka ngozi inatoka, lakini kupe anabaki.

Mbu anafanya kama mwenye sindano: anatafuta mshipa, anavuta, anakwenda. Kupe yeye anachimba kisima. Anakata mishipa midogo chini ya ngozi, damu inajaa katika shimo hilo, naye anakunywa humo. Na ili kisima kisikauke, anatumia mate. Ndani ya mate mna kitu kinachozuia damu kuganda. Mna kitu kinachopanua mishipa ili damu ije kwa wingi. Mna vitu vinavyotuliza maumivu na kuwasha, na vinavyodanganya ulinzi wa mwili usije kupigana. Kwa hiyo ng'ombe yuko na kupe wengi sikioni, na yeye anakula majani kimya. Usingoje ng'ombe akuambie.

Tunafika sasa mahali tunapotaka mukamate vizuri, kwa sababu yote tutakayopendekeza yanatoka hapa. Kupe wa namna hii hanyonyi kwa dakika. Ananyonya kwa siku. Mdogo kabisa, mwenye miguu sita, anakaa siku kama tatu mpaka saba. Kupe jike mkubwa anaweza kukaa wiki nzima na zaidi. Siku za kwanza anakunywa kidogokidogo, hauoni hata amekua. Siku ya mwisho njo anajijaza haraka, anavimba kama punje ya maharagwe, uzito wake unaweza kuongezeka mara mia. Wakati huo wote anachuja damu: chakula anabakiza, maji mengi anayarudisha ndani ya ng'ombe kupitia mate. Maana yake, mate hayaingii mara moja tu siku ya kuuma. Yanaingia kila siku.

Akishiba, anajiachilia, anaanguka chini. Mdogo anabadilisha ngozi na kungoja mnyama mwingine. Katika maisha yake yote kupe kahawia anakula mara tatu tu, na kila mara kwa mnyama mpya. Jike mkubwa, baada ya kula mara ya tatu, anataga mayai elfu kadhaa katika udongo, kisha anakufa.

Ugonjwa unaoletwa naye ni ndigana kali. Maveterineri wetu wanauita teileriozi. Kijidudu chake ni Theileria parva. Kupe anakiokota akiwa mdogo, akinyonya ng'ombe mwenye nacho, na anakipeleka kwa ng'ombe mwingine akila tena. Lakini kupe mwenye njaa anapopanda juu ya ng'ombe, kijidudu ndani yake hakijakomaa. Kinakomaa katika tezi za mate baada ya kupe kuanza kunyonya, na kwa kawaida kazi hiyo inachukua siku kama tatu au nne. Hapo ndipo mate yanakuwa hatari.

Kwa maneno mengine, kati ya siku kupe anaposhika na siku ugonjwa unapoingia, tuko na siku kama tatu. Siku hizo ni zetu. Tukizitumia, ng'ombe anapona hata kama kupe alimuuma. Tukizilala, tunamwachia kupe.

Jambo hili si jipya. Kwenye miaka ya 1901 na 1902 ugonjwa huu ulifika kusini mwa Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na uliua ng'ombe wengi sana.  Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Cape, alionyesha kwamba anayeupeleka ni kupe kahawia. Baadaye huko Natal, daktari wa mifugo Herbert Watkins-Pitchford alipanga ng'ombe waogeshwe kwa dawa kila baada ya siku tatu. Kwa nini tatu? Sababu ni ileile tuliyowaeleza: kumkuta kupe kabla hajamaliza kazi yake.

Turudi kwa maneno yetu ya kijijini. Watu wanasema: "Ng'ombe alikufa ghafla." Hapana, hakufa ghafla. Kupe akiisha kupitisha kijidudu, inaweza kupita wiki moja mpaka tatu kabla hatujaona ugonjwa. Kisha tezi iliyo chini ya sikio inavimba. Homa inapanda. Ng'ombe anaacha kula, anakohoa, anapumua kwa shida, na mwisho povu inaweza kutoka puani. Siku povu inapotoka, kupe aliyeleta ugonjwa ameisha kushiba na kuanguka zamani. Hayupo tena. Anayeonekana ni mtu aliyepita jana kusalimia. Basi lawama inaenda kwake.

Na kuna swali lingine linaloumiza zaidi: "Mbona ng'ombe wa jirani wanakula majani haohao na hawafi?" Tulisikia mama mmoja akiliuliza kwa uchungu mkubwa, na alikuwa na haki ya kuuliza. Jibu liko hivi. Ng'ombe aliyezaliwa mahali penye kupe, akaugua akiwa ndama na akapona, mwili wake unajua kujilinda na ugonjwa huo. Mtamba wetu tulimnunua soko la mbali, pengine anatoka kwenye milima ya baridi ambako kupe ni wachache. Anashuka katika tambarare bila ulinzi wowote. Kupe wale wale, majani yale yale, lakini yeye anakufa na wa jirani wanabaki. Hiyo si alama kwamba jirani alifanya kitu. Ni alama kwamba mtamba wetu alikuwa mgeni.

Sisi tuliorudi tunajua ugeni ni nini. Watoto wengi waliokulia Nyarugusu na Lugufu walishika kamba ya ng'ombe kwa mara ya kwanza hapa. Hakuna aliyewaonyesha sikio. Hilo ni jambo la kufundishana, hakuna sababu ya kuchekana.

Neno fupi juu ya mbuzi. Ndigana kali haishiki mbuzi. Lakini kuna kupe mwingine, mkubwa, dume lake liko na rangirangi mgongoni kama kitenge. Huyu mdomo wake ni mrefu, anazama sana. Anapenda kwenye kiwele, katikati ya mapaja na chini ya mkia. Anaacha kidonda kinachooza, na anaweza kuleta ugonjwa wa maji moyoni unaoua mbuzi, kondoo na ng'ombe. Kwa mbuzi basi, usiishie kwenye sikio. Inua mkia, angalia chini.

Tena tunaomba musichanganye kupe na papasi. Hili ni muhimu juu ya nyumba zetu. Papasi ni wa ukoo wa kupe, lakini tabia yake ni tofauti kabisa. Hana simenti, hakai siku. Anaishi katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta. Usiku anatoka, ananyonya mtu aliyelala kwa muda mfupi, mara nyingi haifiki saa moja, na anarudi katika ufa. Kumkagua mtoto asubuhi hakusaidii, kwa sababu aliyemuuma ameisha kurudi kwake. Na papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba iliyoachwa wakati wa vita inaweza kuwa ilikuwa inakungojea naye ndani.

Homa yake inapanda kwa nguvu, inaacha, kisha inarudi tena. Wengi wanafikiri ni malaria. Kwa mama mwenye mimba ni hatari sana, na kwa mtoto mchanga vilevile. Ukiona homa ya namna hiyo, nenda kituo cha afya, waambie kwamba munalala kwenye sakafu ya udongo, waangalie damu kwa mikroskopu. Dawa iko. Ugonjwa huu ulichunguzwa hukuhuku kwetu mashariki ya Kongo na madaktari wawili waliotoka Liverpool, Dutton na Todd. Dutton aliambukizwa katika kazi hiyo, na alikufa Kasongo, Maniema, mwezi wa pili 1905. Kijidudu kimepewa jina lake mpaka leo: Borrelia duttonii. Kwa hiyo kwa papasi dawa ya kwanza ni nyumba: ziba nyufa, piga sakafu vizuri, inua kitanda, usilaze watoto chini karibu na ukuta. Kwa kupe dawa ya kwanza ni macho na vidole vyako.

Sasa mapendekezo. Tumeyaandika mafupi ili komite iyatie kwenye kura.

La kwanza. Kila familia yenye mtamba wa chama iangalie masikio mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatano na Jumapili. Ndani ya sikio, nyuma ya sikio, chini ya mkia, kwenye kiwele. Watoto wanaweza kusaidia, macho yao ni mazuri kuliko yetu. Kwa vidole viingie kitu, hata karatasi ya plastiki. Shika kupe karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, polepole, bila kuzungusha. Ukivuta tumbo tu, mdomo unabaki ndani na kidonda kinaanza. Musimchome na moto wala kumpaka petroli akiwa bado ameshika. Musimpasue kwa kucha. Na musimtupe chini: jike aliyeshiba ukimtupa chini umempandisha shambani, atataga. Mutie kwenye kopo lenye maji na sabuni nyingi, kisha chomeni.

La pili. Vidole haviwezi kumaliza wale wadogo, ambao ni kama vumbi. Lazima dawa ya kupuliza, kwa ratiba ambayo veterineri atatupangia kufuatana na majira, maana mvua ikija kupe wakubwa wanaongezeka. Dawa ipimwe kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Kuna wanaoongeza maji ili bidoni ifike kwa watu wengi. Tunaelewa umaskini, lakini dawa nyepesi haiui kupe. Inamzoesha, na kesho hata dawa kali haitamfanya kitu. Na pompi ielekezwe masikioni na chini ya mkia. Kupuliza mgongo peke yake ni kuosha ng'ombe tu.

La tatu. Mtamba mpya asiachiliwe malishoni siku anapofika. Akaguliwe, apulizwe, na miezi ya kwanza afungwe karibu na nyumba, aletewe majani. Tukiweza, tununue mitamba iliyozaliwa katika tambarare yetu. Hapo wale waliobaki hapa wakati wa vita watakuwa walimu wetu, kwa sababu ng'ombe wao wanaijua ardhi hii na wao wanajua majani gani yako na kupe. Tuwaombe watufundishe. Kumwomba jirani akufundishe ni bora kuliko kumshitaki.

La nne. Tezi chini ya sikio ikivimba na ng'ombe akiwa na homa, familia impigie veterineri siku hiyohiyo. Sindano ya buparvakwone inasaidia sana ikichomwa mapema. Siku ya povu mara nyingi imechelewa. Na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa, fuateni siku ambazo veterineri atasema kabla ya kuyanywa.

La tano, na hili ndilo tunaliombea kura ya leo. Tunaomba sheria ya ndani ya chama iongezewe mstari mmoja: ng'ombe wa chama akifa, hakuna mwanachama anayetaja jina la mtu, mkutanoni au sokoni, kabla veterineri na watu wawili wa komite, mmoja aliyerudi na mmoja aliyebaki, hawajamuangalia mnyama na kuandika walichoona. Familia iliyofiwa nayo isipoteze nafasi yake kwenye orodha ikiwa ilifuata ratiba ya kukagua na kupuliza.

Kwa wafadhili wetu, tunasema kwa heshima. Mumetupa mitamba, na kila mtu hapa anawashukuru. Lakini mtamba bila pompi, bila dawa na bila mafuta ya pikipiki ya veterineri ni nusu ya zawadi. Kama franga za mwaka ujao ni zilezile, sisi tungechagua mitamba michache yenye kutunzwa kuliko mitamba mingi ya kuzika. Kila mtamba anayekufa unatoa watu wawili kwenye urafiki, na hilo halionekani katika ripoti.

Tumemaliza. Hapa mezani tumeleta kupe wakavu katika chupa, wa kila umri, na kioo cha kukuzia. Mukitoka kula, pitieni muone mdomo wake kwa macho yenu. Na kesho ni Jumapili: baada ya misa na ibada, tutakuwa kwenye zizi la kundi la kwanza na pompi moja. Aje aliyerudi, aje aliyebaki, kila mmoja na ng'ombe wake.